Simu Iliyovishwa Hereni

Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka niliyopewa na barua yenye mihuri miwili, nawatangazia wananchi wote wa Bariadi, Dutwa, Maswa na Busega kwamba simu janja mpya aina ya Zumaridi 12, iliyotangazwa ulimwenguni mwezi uliopita, imeingia mkoani Simiyu salama, ikiwa na afya njema, na kwamba taratibu zote za kuipokea zilifuatwa. Narudia: zote. Wanaosema vinginevyo ni walewale waliokuwa wanacheka siku ya uzinduzi, na majina yao ninayo.

Mimi ni Sylvester Kija, Katibu wa Kamati ya Maoni ya Awali, chini ya Kituo cha Uratibu wa Vifaa vya Ugani, kwa kifupi KUVU. Ufupisho huo ulipitishwa na kikao cha saa nne na hakuna mjumbe aliyekuwa na angalizo.

Simu ililetwa Jumatatu na gari la makao makuu, ikiwa moja tu, kwenye boksi jeupe, pamoja na waraka. Waraka ulisema simu ni ya Felisita, afisa ugani wa Dutwa, ambaye simu yake ya ofisi ilikanyagwa na fahali akiwa kazini. Ulisema pia kwamba kabla ya kumkabidhi, Kituo kikusanye maoni ya awali kuhusu simu hiyo, ili makao makuu yaamue kama maafisa wengine nao wapewe.

Mtu asiyejua kazi angemwita Felisita, akampa simu, akamuuliza, "Unaionaje?" Sisi tuliunda kamati.

Kikao cha kwanza kiligundua jambo zito. Maoni ya awali hutokea mara moja tu. Ukishaiona simu, umeiona. Ukiitazama tena, hayo ni maoni ya baadaye, na waraka haukuomba maoni ya baadaye. Kwa hiyo maoni ya awali ni rasilimali adimu, na rasilimali adimu huanza na mkubwa. Haiwezekani karani apate maoni ya awali kabla ya Mratibu Mkuu, kisha Mratibu Mkuu aje apewe maoni yaliyokwisha kutumika. Tukakubaliana kwa kauli moja kwamba mjumbe yeyote asiione simu mpaka Mratibu Mkuu wetu, Ndugu Thomasi Jilala, arudi kutoka Dodoma, alikokuwa kwenye Semina ya Kuharakisha Maamuzi. Semina ilikuwa ya siku tatu. Ilikuwa imeongezwa mara mbili, kwa sababu washiriki hawakuwa wameamua lini waifunge.

Wakati tukimsubiri, kamati ilitoa maoni ya awali kuhusu boksi. Nayanukuu: Boksi ni jeupe. Limenyooka. Likitikiswa halilii. Wajumbe wameridhika.

Likafuata suala la mapokezi. KUVU ina fomu moja tu ya kupokelea vifaa, yaani Fomu Namba 6, kwa sababu kifaa cha mwisho kupokelewa kabla ya simu kilikuwa dume la mbegu. Dume la mbegu ni kifaa cha ugani, msinitazame hivyo. Imeandikwa kwenye mwongozo. Fomu hiyo mbele ina nafasi za kujaza, nyuma ina masharti kumi na tano, na kila mwaka Mratibu Mkuu huisaini upya kwa kalamu ya kijani. Kutumia fomu nyingine kungehitaji fomu ya kuombea fomu, ambayo hatuna.

Nikamwita daktari wetu wa mifugo, Dokta Masele, mtu wa msimamo ambaye hajawahi kuacha nafasi wazi kwenye fomu. Alivaa glovu. Akalizunguka boksi, akasoma maelezo yaliyochapwa ubavuni, kisha akaniashiria nianze.

"Rangi?" nikamsomea.

"Kijani iliyokolea. Imeandikwa hapa."

"Uzito?"

"Gramu mia mbili na kumi. Amekonda."

"Pembe?"

Akaligusa boksi kwa kidole. "Nne. Zote butu."

"Macho?"

"Matatu nyuma, moja mbele." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyu huwezi kumnyemelea."

"Meno?"

"Andika: bado."

"Jinsia?"

"Andika: inachunguzwa."

Kwa mujibu wa sharti la tatu, simu ilipewa hereni ya utambuzi, ile ya plastiki ya njano, namba 0047. Namba 0046 ni ya dume. Kwa mujibu wa sharti la tano, iliingizwa karantini kwa siku ishirini na moja, kwenye kibanda cha karantini nyuma ya ofisi, chenye dirisha la wavu na sakafu ya simenti inayofagilika vizuri. Na kwa mujibu wa sharti la saba, mnyama aliye karantini atalishwa kila siku na mhudumu mmoja, na atatembezwa malishoni nusu saa akiwa na mchungaji, na yote yataandikwa kwenye daftari.

Hapo ndipo kamati ilipoonesha ukomavu. Nani ataifungua simu kuilisha bila kuharibu maoni ya awali? Tulijadili mpaka chai ikapoa. Mwisho tukaazimia kwamba mhudumu wetu wa usafi, mama Nyanjige, kwa ngazi yake ya ajira, hana maoni. Kwa kuwa hana maoni, akiiona simu hakuna kitakachotumika. Nikamwita nikamsomea azimio. Alisikiliza ameshika fagio.

"Kwa hiyo mimi sina maoni," akasema.

"Kwa mujibu wa muundo, huna."

"Haya. Na huyo mnyama anakula nini?"

"Umeme."

"Kunywa je?"

"Andika hakuwa na kiu."

Mama Nyanjige amezaliwa Dutwa, amekulia zizini, na hakuuliza la zaidi. Alichukua daftari, akachukua hereni, akaenda.

Siku iliyofuata, Jumanne, Felisita akafika na vumbi la Dutwa mpaka magotini.

"Mwangaluka, Katibu."

"Mwangaluka. Una miadi?"

"Nimekuja kuchukua simu yangu."

"Simu iko karantini."

Akanitazama. "Inaumwa?"

"Haijathibitishwa kwamba haiumwi."

Akakaa bila kukaribishwa. Akaniambia kwamba pamba ya Dutwa imepata shida: majani yanajikunja na kuwa mekundu pembeni. Huenda ni wadudu, huenda ni ugonjwa. Kama ni wadudu, unapiga dawa na pamba inapona. Kama ni ugonjwa, unang'oa na kuchoma kabla haujahamia kwa jirani. Yeye kwa macho alidhani ni wadudu, lakini hakuthubutu kuapa, kwa sababu mtu akishang'oa harudishi, na mtu akiacha ugonjwa anawaponza wenzake. Wataalamu wa utafiti hujibu siku hiyohiyo wakipata picha nzuri. Lakini picha hupokelewa na Mfumo, na Mfumo haupokei picha isipokuwa kutoka simu ya Kituo. Simu ya Kituo kwa upande wa Dutwa ilikuwa imekanyagwa na fahali. Nyingine ilikuwa inakula umeme kibandani.

"Vitumba vimeanza kudondoka, Katibu. Nina siku chache sana. Nipe nipige picha tatu tu, nikurudishie."

"Ukipiga picha nayo utakuwa umeiona."

"Ndiyo."

"Basi hapo ndipo tatizo lilipo. Jaza malalamiko."

"Kwenye fomu gani?"

"Namba 6."

Akaigeuza mbele na nyuma. "Sasa hapa kwenye pembe niandike nini?"

Nikamwambia aache dharau.

Alhamisi akarudi, safari hii akiwa na mkulima mmoja, Shija, ambaye ni kaka yake mama Nyanjige. Jambo hilo la undugu sikulipa uzito. Shija alivua kofia, akanisalimia mimi, akaisalimia familia yangu, akawasalimia ng'ombe wangu ambao sina, halafu akaweka mezani shina zima la pamba, na mizizi yake na udongo wake, juu ya kumbukumbu za kikao.

"Baba," akasema, "nina ekari nne. Watoto wanne wanasoma kwa hiyo pamba. Nikikaa bila jibu, Jumatatu asubuhi nang'oa zote nachoma. Siwezi kuwa mimi niliyeleta ugonjwa kwa majirani. Nao wamesema nikianza mimi, wanafuata."

"Subira inahitajika. Mratibu Mkuu yupo kwenye semina."

"Ya nini?"

Nikamwambia ni ya nini. Akavaa kofia yake.

Felisita akalia. Sitaficha, maana imo kwenye kumbukumbu: alilia dakika mbili, na mimi nikawa naangalia kalenda. Alisema miaka sita amewaambia watu wa Dutwa wamwamini, na leo wamemwamini, na hana cha kuwaambia. Mama Nyanjige alikuwa anatupangia vikombe. Akalichukua lile shina la pamba mezani, taratibu, akafuta udongo wake kwa kitambaa.

"Katibu," akaniuliza wageni walipotoka, "hayo malisho ya simu ni wapi?"

"Sharti halikutaja. Popote penye malisho."

"Na mchungaji?"

"Chagua mwenye uzoefu, umwandike kwenye daftari."

"Wabeja, Katibu," akanishukuru.

Nilifurahishwa na bidii yake, nikamwandikia barua ya pongezi. Kuanzia hapo daftari lililetwa kwangu kila asubuhi nami nililisaini bila kuchelewa. Nanukuu baadhi ya maingizo, kuonesha kwamba hakuna kilichofichwa.

Ijumaa: Amekula vizuri. Amefumbua macho.

Jumamosi: Ametembezwa Dutwa, shamba la Shija. Mchungaji ni Felisita. Amechangamka.

Jumapili: Amekula. Ameita mara mbili, akajibiwa.

Jumatatu: Ametembezwa Dutwa. Hakuna kilichong'olewa. Ametulia.

Najua mtauliza. Dutwa unakwenda kwa basi. Lakini sharti la saba linasema nusu saa ya kutembezwa. Halisemi nusu saa hiyo ianzie wapi.

Mratibu Mkuu alirudi siku ya kumi na nane. Semina ilikuwa imeazimia kwamba maamuzi yaharakishwe, kwa hiyo akaamua palepale kwamba uzinduzi ufanyike Jumamosi, siku ya ishirini, kwa sababu Jumapili ni siku ya mapumziko. Dokta Masele akanyoosha mkono.

"Mkuu, karantini inaisha siku ya ishirini na moja."

"Dokta, hiyo fomu ina sahihi ya nani?"

"Yako, mkuu."

"Basi."

Dokta akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akakifunga.

Uzinduzi ulikuwa mzuri. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, spika mbili kubwa na kikundi cha ngoma. Watu wa Dutwa walikuja wengi kuliko tulivyowaalika, maana hatukuwa tumewaalika. Hotuba ya maoni ya awali niliiandaa mwenyewe wiki mbili kabla, ukurasa mmoja na nusu, ili mkuu asishtukizwe na maoni yake.

Ndugu Thomasi Jilala akasimama na suti yake nyeusi na kofia, akafungua boksi, akaanza kusoma: "Ndugu wananchi, nikiiona simu hii kwa mara ya kwanza, nimeguswa mno na ung'avu wake." Ndipo akaitazama. Ilikuwa na hereni ya njano ikining'inia kwenye kava, vumbi jekundu, na nyuzi za pamba zimenasa kwenye kona.

"Mbona chafu?" akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Ametoka malishoni, mkuu," akajibu Dokta.

Moja ya sifa za Zumaridi 12, iliyotangazwa na watengenezaji wenyewe, ni kwamba inamtambua mwenyewe kwa uso na inazungumza Kiswahili. Mratibu Mkuu akaiinua usawa wa uso, akabonyeza. Mshereheshaji, kwa nia njema, akasogeza kipaza sauti.

"Uso huu siutambui," ikasema simu, kwa spika zote mbili.

Akavua miwani.

"Uso huu siutambui."

Akavua kofia. Akatabasamu, jambo ambalo hatujalizoea.

"Uso huu siutambui. Tafadhali mpe simu mwenyewe."

Kicheko kilianzia nyuma kwa kina mama kikaja mbele chote. Mratibu Mkuu akanigeukia. "Sylvester, hebu iambie mimi ni nani."

Nikainama kwenye simu nikaisomea cheo chake kizima, pamoja na vyeti vitatu na semina.

"Sijaelewa," ikasema simu.

Mara ikaanza kuita. Mratibu Mkuu, akiamini ni makao makuu, akaipokea kwa haraka.

"Felisita, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Shija, kutoka shambani, ikisikika mpaka barabarani. "Pamba imesimama! Majani mapya yametoka, ile dawa waliyosema wataalamu imewamaliza wadudu wote! Majirani nao wamepiga, hakuna aliyeng'oa hata shina! Watu wanakuombea huku!"

"Hapa si Felisita," akasema mkuu. "Hapa ni Mratibu Mkuu wa KUVU."

"Nani?"

"Mratibu Mkuu!"

"Ng'wana nani?" Huku kwetu mtu akikuuliza ng'wana nani anataka kujua wewe ni mtoto wa nani, ili ajue akuweke wapi.

"Thomasi Jilala!"

Tukasikia jogoo wa Dutwa.

"Sikujui, baba," akasema Shija kwa upole. "Hiyo simu umeitoa wapi? Irudishe kwa mwenyewe." Akakata.

Sijawahi kuona kikundi cha ngoma kikipiga bila kuagizwa, lakini kilipiga. Watu wakamsukuma Felisita mbele. Alikuja kwa aibu, mikono nyuma, akasimama tu mbele ya simu bila kuigusa.

"Karibu, Felisita," ikasema simu, ikafunguka yenyewe. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya Shija ameshika jani la pamba, anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Nani aliipa simu hii uso wa mtu?" akauliza Mratibu Mkuu. Kipaza sauti bado kilikuwa karibu.

Mama Nyanjige akasimama. "Mimi, mkuu. Ilipofumbua macho iliomba uso. Mimi nimeambiwa sina maoni. Nikaona si vizuri kuiwekea uso usio na maoni, nikamwita mchungaji wake."

"Mchungaji? Fomu hii ni batili!"

Dokta Masele alikuwa ameshafungua kijitabu. "Mkuu, ukiifuta fomu hii, dume 0046 si wetu. Na sahihi hii ya kijani ndiyo iliyopo kwenye barua zako zote, hata ile ya kujiongezea muda wa uratibu. Tuifute?"

Mratibu Mkuu akasema tusiifute.

"Basi nasoma sharti la kumi na tano," akasema Dokta, na mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti. "Mtu yeyote, bila kujali cheo, ambaye si mhudumu wala mchungaji aliyeandikwa, akimgusa mnyama kabla ya siku ya ishirini na moja kuisha, ataingia karantini kwa siku ishirini na moja. Leo ni ya ishirini, mkuu. Umemgusa."

Kwa faida ya wasiojua, maneno "bila kujali cheo" yaliongezwa na Mratibu Mkuu mwenyewe mwaka jana, baada ya mlinzi wa getini kumpapasa dume shingoni. Mlinzi alikaa kibandani siku zote ishirini na moja. Siku ya uzinduzi ndiye aliyeleta ufunguo, tena mbio.

Nimalizie taarifa yangu. Felisita anayo simu yake, na hereni amekataa kuivua; anasema wakulima wakiiona wanacheka, wakishacheka wanasikiliza. Kamati ilikwama kuhusu maoni ya awali, kwa kuwa aliyeiona simu kwanza hakuwa na maoni. Tukakaa kikao cha dharura, tukamrudishia mama Nyanjige maoni yake kuanzia tarehe ya nyuma, nikayaandika kama alivyoyatamka na kuyapeleka makao makuu: "Simu ni nzuri. Mngempa mwenyewe siku ileile." Makao makuu yamejibu kwamba hayo ndiyo maoni ya kwanza waliyopata kuyaelewa, na wameomba mama Nyanjige aendelee kuyatoa. Kwa hiyo fagio sasa ni jukumu langu, kwa muda.

Kuhusu Ndugu Thomasi Jilala, wananchi wasiwe na wasiwasi. Kibanda kina hewa ya kutosha. Anahudumiwa kwa mujibu wa sharti la saba, na daftari lake linasainiwa kila asubuhi. Nanukuu ingizo la jana, siku ya nne, kwa mwandiko wa mama Nyanjige: "Amekula vizuri. Ametembezwa nusu saa, shamba la Shija, amebeba maji ya dawa. Mwanzo alisumbua. Sasa ametulia."

Dokta Masele ameulizia hereni namba 0048. Kamati itakaa Jumatatu.